MREJESHO: Ombi letu limesomwa Winnipeg

Habari zenu ndugu zangu. Ni mimi niliyeuliza kama sisi tulioishia mji mdogo wa mashambani Manitoba, Kanada, tunaweza kupeleka ombi moja kwenye Bunge la jimbo, lililoko Winnipeg, kuhusu huduma ya dharura inayofungwa usiku na wauguzi wahamiaji wasioajiriwa, au uhamiaji ni wa Ottawa, yaani serikali kuu ya Kanada, tu.

Mliosema tuyatenganishe yawe maombi mawili, asanteni sana. Afya inaendeshwa na jimbo. Uhamiaji, kumbe, ni wa pande zote mbili kwa kifungu cha 95 cha Katiba ya 1867, ila sheria zikigongana ya Ottawa ndiyo inashinda. Na Manitoba inateua wahamiaji wake tangu 1998, kwa hiyo jimbo lina la kujibu.

Saini tulizikusanya ukumbi wa kanisa. Mama mmoja wa Bukavu alisaini taratibu, mkono bado una bandeji. Usiku alioumia, mwanawe alimwendesha saa nzima na nusu kwenye barafu kutafuta hospitali iliyo wazi. Niliishika ile karatasi nikashindwa kusema.

Mbunge wetu alisoma ombi la afya: kwanza sababu, kisha tunachoomba. Spika akatamka limepokelewa, basi. Hakuna mjadala wala kura, jambo lililoniuma, lakini limo kwenye Hansard, kumbukumbu rasmi za Bunge, na hakuna atakayedai hakuambiwa.

La wauguzi bado tunalisainisha. Mlango wa dharura nao ungali unafungwa usiku.