Naomba ushauri: ghorofa 12 katikati ya nyumba za chini, hatua chache kutoka baharini

Habari zenu wakuu. Mtaa wetu uko karibu na ufukwe na nyumba karibu zote ni za chini. Wiki iliyopita limebandikwa tangazo kwenye uzio wa kiwanja cha jirani: ghorofa 12, fleti 96, maegesho ya magari 40 chini ya ardhi. Tumepewa siku 21 kuweka pingamizi, 8 zimeshakatika.

Wengi wanalalamikia kuzibiwa upepo na kuchunguliwa hadi uani. Sipuuzi hayo, ila kinachoninyima usingizi ni hilo shimo la maegesho. Huku ukichimba mita mbili tu unakutana na maji. Wakiyavuta miezi mfululizo, ardhi inaweza kutitia, kuta zetu zikapasuka na maji ya chumvi yakaingia visimani. Na chemba za maji taka zenyewe hufurika kila mvua kubwa!

Hatukatai ujenzi, ghorofa nne tungezipokea. Waliowahi kupitia haya nisaidieni: tuandike barua moja yenye sahihi zetu zote, au kila nyumba yake? Ripoti ya tathmini ya athari kwa mazingira tuidai kwa nani? Na mhandisi wa kupiga picha nyufa zilizopo sasa, tumtafute kabla ya kikao cha kusikiliza pingamizi?