Bomba lipi la kunyunyizia linafaa kwa chai ya mboji bustanini?

Mkulima wa Mukono
Ndugu zangu, nina vitalu vya nakati (mboga ya majani), sukuma wiki na nyanya, na ninataka kuupa udongo chai ya mboji, yaani maji yaliyolowekwa mboji ili yabebe vijidudu hai vyake, wakiwemo kuvu. Ninasita kati ya bomba la mgongoni la lita 16 la kupampu kwa mkono, lile la betri, na kopo la kumwagilia ambalo tayari ninalo. Bomba la zamani lililopo nyumbani lilitumika kwa kiuagugu. Je, likioshwa vizuri litafaa?

Bustani Wakiso
Ndugu, bomba la kiuagugu libaki na kazi yake hiyo hiyo. Masalia ya 2,4-D, aina ya kiuagugu, hung'ang'ania kwenye mipira na vali hata baada ya kusuuzwa, na nyanya huathirika kwa kiasi kidogo sana: majani hujikunja na kuwa membamba. Hali kadhalika, bomba lililobeba dawa ya ukungu yenye shaba litadhuru kuvu wale wale unaowapelekea udongo. Kwa vitalu vya nyumbani ningechagua kopo, kwani umande mwembamba una maana kwenye majani, si ardhini.

Fundi wa Mabomba, Mbale
Kwa bustani ndogo ninakubali, lakini mwenye nusu ekari hawezi kuinama na kopo siku nzima. Huyo anunue bomba jipya la mgongoni, ila ajue kwamba chai ya mboji, hata ikichujwa kwa kitambaa, hubaki na chembe zinazoziba chujio la kwenye kishikio na lile lililo nyuma ya nozeli, yaani ncha inayotoa maji. Nozeli ya koni inayokuja na mabomba mengi ina tundu dogo mno. Aiondoe pamoja na kile kidude cha ndani kinachozungusha maji, aweke nozeli bapa yenye tundu pana. Pampu ya diaframu (inayosukuma maji kwa utando wa mpira) huvumilia chembe kuliko ya pistoni. Betri hukupa mgandamizo usiopandapanda, lakini lita 16 ni kilo 16 mgongoni kabla ya kuhesabu betri yenyewe. La injini nisingelinunua kwa kazi hii, kwa sababu upepo wake mkali hupasua matone na kukata nyuzi za kuvu.

Mama Mboga, Masaka
Niongeze kwamba bomba lolote halitasaidia ikiwa chai imekufa, yaani vijidudu vyake vimekufa. Maji ya mfereji yenye klorini (dawa ya kuua vijidudu) yaachwe wazi usiku kucha kabla ya kuitengeneza, na ikishakuwa tayari imwagwe ndani ya saa chache, jioni jua likipoa, udongo ukiwa na unyevu.

Mkulima wa Mukono
Asanteni sana. Basi ninabaki na kopo. Je, matundu yake hayatazibwa na chembe hizo hizo?

Bustani Wakiso
Yatazibwa. Ng'oa kichwa chenye matundu, umimine taratibu kuzunguka shina.