Unasaini hesabu za kampuni, ukiulizwa unasema "waone wahasibu"?

Wakuu, salaam.

Nimeingia Tanga usiku wa kuamkia leo, nimevimba miguu kwa basi na nimevimba roho zaidi. Nilikwenda Dar kwenye mkutano mkuu wa mwaka wa kampuni moja iliyoorodheshwa soko la hisa. Jina nalihifadhi. Hisa zangu ni 600 tu, ila nilizinunua kwa kiinua mgongo cha bandarini, si za kuokota.

Taarifa ya mwaka tumegawiwa mlangoni. Kitabu kinene, Kiingereza mwanzo mwisho. Nikakipekua hapo hapo kitini, na huko nyuma kabisa kwenye maelezo ya hesabu nikakuta kijimstari: mikopo kwa wakurugenzi. Nikanyoosha mkono. Kakopeshwa nani, kwa riba gani, analipa lini? Mwenyekiti akamtazama mkurugenzi mtendaji, mkurugenzi akamtazama mhasibu, mhasibu akatazama saa. Jibu la mkurugenzi: "Mzee, hayo ni ya kitaalamu, waone wahasibu baadaye."

Na ukumbi ukapiga makofi! Wenye hisa wenzangu hao, maana maboksi ya biriani yalishaanza kuingia. Tukapewa na kofia.

Wamarekani nao walipigwa hivi hivi. Enron, kampuni kubwa ya nishati iliyopika hesabu zake, ilifilisika Desemba 2001, na wakaguzi wake, Arthur Andersen, walikuwa wameshachanachana nyaraka. Wafanyakazi waliokuwa na akiba ya uzeeni kwenye hisa za kampuni hiyo hiyo wakabaki mikono mitupu. Julai 2002 ikaanguka WorldCom, kampuni ya simu, nayo kwa hesabu za kupikwa, na mwezi huo huo Rais Bush akasaini sheria ya Sarbanes-Oxley. Kifungu cha 302 kinamtaka mkurugenzi mtendaji na mkuu wa fedha wathibitishe hesabu kwa saini zao wenyewe. Akithibitisha kwa makusudi huku anajua ni uongo, faini inafika dola milioni 5 na jela miaka 20. Cha 402 kimepiga marufuku kampuni kuwakopesha wakurugenzi wake, ukiacha mabenki na wachache wengine. Kile kile nilichozomewa kukiuliza.

Najua kuna mjuaji atakuja kusema sheria hiyo ni ya kampuni zilizo kwenye masoko ya Marekani. Sawa bwana. Kwani sisi hatuna? Mwaka huo huo wa 2002 tulitunga Sheria ya Makampuni namba 12, ikaanza kutumika 2006. Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana, msimamizi wa soko la hisa, ipo. Mimi ugomvi wangu ni na yule bwana mkurugenzi: sahihi yake ipo kwenye kitabu, kubwa, ya mikogo, halafu yaliyo juu ya sahihi anasema si yake!

Kofia nimemwachia kijana wa bodaboda pale Kange. Maswali yangu nayaandika barua leo, nakala kwa Mamlaka. Aliyekuwemo ukumbini, hata kama ulipiga makofi, njoo inbox tusaini wote.