Ubuntu imekwama katikati ya usasishaji: dpkg, apt au aptitude?

Mwenye mada
Wakuu, habari za kazi. Kompyuta ya ofisini yenye mfumo endeshi wa Ubuntu 22.04 ilizimika umeme ulipokatika wakati programu zikisasishwa, na tangu hapo kila nikitaka kusakinisha kitu naambiwa kwamba dpkg, yaani programu inayosakinisha vifurushi vya programu, ilikatizwa. Nimeshauriwa `dpkg --configure -a`, `apt --fix-broken install` (apt ndiyo inayopakua vifurushi na kumpa dpkg) na aptitude, programu nyingine ya kusimamia vifurushi, na wapo wanaosema nifute faili la kufuli, linalozuia programu mbili kusakinisha kwa wakati mmoja, `/var/lib/dpkg/lock-frontend`. Naomba kujua ipi itangulie, na kwa nini.

Mchangiaji wa kwanza
Mkuu, anza na `sudo dpkg --configure -a`. Kifurushi hufunguliwa kwanza, kisha husanidiwa, na umeme ukikatika kati ya hatua hizo mbili, `/var/lib/dpkg/status` hubaki na maelezo kwamba kimefunguliwa lakini hakijasanidiwa. Amri hiyo humalizia tu kilichobaki bila kupakua kitu mtandaoni, ndiyo maana naipa nafasi ya kwanza. Hata hivyo, dpkg haiwezi kwenda kutafuta kifurushi kinachokosekana ambacho kingine kinakitegemea. Hiyo ni kazi ya `sudo apt --fix-broken install`, kwa hiyo iwe ya pili.

Mchangiaji wa pili
Naunga mkono, ila suala la kufuta kufuli lisipite hivihivi. Kuwapo kwa faili hilo si dalili kwamba mfumo umefungwa, kwa sababu kinachofunga ni programu inayolishikilia wakati huo kupitia kerneli (kiini cha mfumo endeshi), na programu ikifa kufuli hufa nayo. Kwako umeme ulikatika, kwa hiyo hakuna kilichobaki cha kufungua. Hatari iko kwa mtu ambaye unattended-upgrades, huduma ya kusasisha yenyewe, bado inasakinisha marekebisho ya usalama kimyakimya: akifuta faili, apt yake itaunda jingine la jina lilelile na kulifunga, na programu mbili zinaweza kujikuta zinaandika katika `status` ileile kwa pamoja. Tazama kwanza anayelishikilia kwa `sudo lsof /var/lib/dpkg/lock-frontend`, kisha msubiri amalize.

Mchangiaji wa tatu
Aptitude naipenda pale vifurushi vya maghala ya programu ya nje vinapogongana na vya Ubuntu, kwa kuwa hupendekeza suluhisho, nawe ukilikataa kwa `n` hukuletea jingine. Soma orodha yote kabla ya kukubali, maana pendekezo la kwanza linaweza kuondoa programu unazozihitaji. Kwa kawaida haiji na Ubuntu, na dpkg ikiwa imekwama huwezi kuisakinisha, kwa hiyo kwa leo haikufai. Angalia pia nafasi kwa `df -h /boot`, mahali kerneli zinapohifadhiwa, maana ikijaa kerneli mpya haitasanidiwa.

Mwenye mada
Ahsanteni sana. `dpkg --configure -a` ilisanidi karibu vyote, ikakwama kwenye kerneli mpya kwa sababu `/boot` ilikuwa imejaa. Nilihakikisha kwa `uname -r` kerneli inayotumika, nikaondoa moja ya zamani kwa `dpkg --purge` pamoja na vifurushi vinavyoitegemea, kisha nikarudia amri ya kwanza na ikamaliza. `apt --fix-broken install` haikupata cha kurekebisha.