Kupiga picha anga la moshi: simu, lenzi pana au lenzi ndefu?

NuruHafifu (mleta mada)
Wakuu, salaam. Msimu wa moto wa misitu umeanza, na moshi umeshatufikia ingawa moto wenyewe uko mbali. Jana jioni jua lilikuwa jekundu kama kaa, duara lake unaliona lote, na anga zima rangi ya chungwa. Nikatoa simu, nikapiga picha kumi na kitu. Zote zimetoka za kijivu! Ukiziona utasema ni siku ya mawingu tu.

Nina njia tatu na sina nguvu za kuhangaika na zote:
1. Simu hii hii, labda na programu ya kamera inayokuachia upange mwenyewe
2. Kamera ya kuazima yenye lenzi pana ya mm 24 (inachukua eneo kubwa)
3. Kamera hiyo hiyo na lenzi ndefu ya mm 200 (inavuta cha mbali), ambayo itabidi niikodi

Ipi inafaa? Na simu imenidanganyaje vile?

Lenzi_Kuukuu
Haijakudanganya mkuu, imekurekebishia bila kuombwa. Kamera ikiwa kwenye oto hukisia kwamba nuru ya mahali ulipo ilipaswa kuwa nyeupe. Ikikuta kila kitu kina rangi ya chungwa, inadhani umekaa chini ya taa ya balbu, inamimina bluu mpaka rangi ilingane. Ndicho kilichowapata watu wa San Francisco tarehe 9 Septemba 2020. Mchana uligeuka giza la rangi ya chungwa, magari yakatembea na taa, na simu za watu zikawa zinatoa kijivu. Tarehe 7 Juni 2023 ikawa zamu ya New York, moshi ukitokea Quebec, Kanada.

Kwa hiyo kabla ya kuuliza kifaa, funga mizani ya weupe (white balance), yaani mpangilio unaoiambia kamera nyeupe ni ipi, isikisie yenyewe. Weka kwenye alama ya jua, au kama kuna namba weka kelvini 5,500 (kelvini ni kipimo cha rangi ya nuru). Programu ya simu ikikuruhusu hilo tu, namba 1 inatosha kwa kuanzia.

BintiPicha
Naunga mkono, ila mleta mada ameuliza lenzi na jibu la lenzi liko kwenye moshi wenyewe. Angalia kwanza moshi uko wapi: juu au chini?

Chembe nyingi za moshi ni ndogo sana. Hutawanya zaidi nuru ya bluu, nyekundu na chungwa zikapenya. Moshi ukiwa juu na mzito, chini ukabaki na hewa ya kuonea, anga lote linakuwa kama kivuli cha taa. Siku ile ya San Francisco moshi ulikaa juu ya ukungu wa baharini, ndiyo maana rangi ile ikafunika kila kitu. Hapo lenzi pana ndiyo yake, kwa sababu habari ni anga pamoja na nyumba, barabara na watu walio chini yake.

Moshi ukishuka hadi ardhini mambo yanageuka. Rangi inafifia, mbele yako panakuwa peupe au kijivu, na lenzi pana inakupa ukurasa mtupu. Lakini kama kuna vilima au miti iliyopangana, kila safu inafifia kuliko iliyo mbele yake, na lenzi ndefu inazibana hizo safu pamoja. Picha zangu ninazozipenda kuliko zote za msimu wa moshi ni za namna hiyo, na hazina jua wala rangi ya chungwa.

Jambo lingine, msidhani moshi ni chungwa daima. Septemba 1950 moshi wa moto wa magharibi mwa Kanada ulivuka hadi Ulaya, na jua na mwezi vikaonekana vya bluu, kwa kuwa chembe zilikuwa karibu za ukubwa mmoja na kubwa kidogo kuliko kawaida. Ndiyo maana sipendi zile rangi za kubandika baadaye. Piga kilichopo.

MzeeWaTripodi
Binti umesema vizuri, lakini huyu bwana aliona jua jekundu! Jua linataka lenzi ndefu, hakuna mjadala. Hesabu ni rahisi: gawanya urefu wa lenzi kwa 110 upate upana wa jua kwenye kihisio, kile kibapa ndani ya kamera kinachopokea picha. Kwa mm 24 ni takriban mm 0.2, yaani nukta ya kalamu. Kwa mm 200 ni 1.8, kwa mm 400 ni 3.6. Kihisio cha fremu kamili kina kimo cha mm 24, basi piga picha kichwani uone jua lako litakaa vipi. Na kukuza kwa vidole kwenye simu si lenzi, ni mkasi.

Kijana_RAW
Mzee 😂 "ni mkasi". Naomba kuazima hiyo.

Swali: kama napiga kwa RAW (faili ghafi ambalo kamera haijalihariri), hiyo kelvini si naweza kubadili nikifika nyumbani? Kwa nini nijisumbue pale pale?

Lenzi_Kuukuu
Unaweza, na kwenye RAW hupotezi kitu. Ila utakapokaa mbele ya kompyuta kesho yake utakuwa umeshasahau anga lilikuwaje, na macho nayo yanazoea: ukikaa nusu saa chini ya anga la chungwa unaanza kuliona la kawaida. Ukifunga 5,500 tangu mwanzo, picha zote zina kipimo kimoja.

Kikubwa zaidi ni histogramu, ile grafu ya kamera inayoonyesha mwanga ulivyogawanyika kwenye picha, giza kushoto na weupe kulia. Usiangalie ile ya jumla, angalia ya nyekundu peke yake. Anga la namna hii hujaza nyekundu hadi ukingoni wakati ya jumla inaonekana ina nafasi tele. Ndiyo maana majua mengi mtandaoni yamekuwa sahani bapa za njano. Punguza mwanga kwa hatua moja (yaani nusu yake), hata mbili, halafu tazama tena.

Na ukifika kwenye uhariri, achana na kile kitelezi cha kuondoa ukungu. Umetoka nje kupiga moshi, halafu unaufuta?

PikiPicha
Vipi filta ya polaraiza, kile kioo cha kuvika lenzi kinachopunguza mng'ao? Nasikia inakata ukungu.

BintiPicha
Kwenye moshi mwembamba inasaidia kidogo. Kwenye mzito nuru imeshagongana na chembe mara nyingi, polaraiza haina cha kushika, inakula mwanga wako bure. Iache nyumbani.

Kijana_RAW
Na droni? Mimi ningeanzia juu.

MzeeWaTripodi
Usithubutu karibu na moto. Ndege za kuzima moto huruka chini, na droni ikionekana zinalazimika kuondoka eneo hilo. Watu wanaungua wewe unatafuta picha.

Dada_Histogramu
Nimesoma uzi wote na hamjagusa mambo mawili.

La kwanza, macho. Moshi unapunguza nuru inayoonekana, kwa hiyo jua linakuwa laini la kukodolewa, lakini infraredi inaweza kuendelea kupita na ndani ya jicho huisikii ikikuunguza. Usilitazame jua kupitia kitundu cha kuchungulia cha kamera ukiwa na lenzi ndefu, tumia skrini. Moshi unapepea pia, dakika moja mzito, dakika inayofuata umepasuka na jua limerudi na makali yake yote.

La pili, majivu. Mwaka juzi yalinidondokea kwenye lenzi nikayafuta kwa pindo la blauzi. Majivu yana chembe ngumu, nikachora mistari ambayo hadi leo naiona nikielekeza kwenye taa. Puliza kwa pampu ya mpira kwanza, kitambaa baadaye. Na usibadilishe lenzi nje. Hapo ndipo simu inapozishinda kamera zenu zote: haina pa kuingilia majivu. Mwenye kamera achague lenzi moja ndani ya nyumba na atoke nayo hiyo hiyo.

Barakoa nayo. Chembe ndogo za moshi ziitwazo PM2.5 zina upana wa mikromita 2.5 au chini ya hapo, barakoa ya kitambaa inazisindikiza tu. Vaa N95, barakoa ya kuchuja chembe ndogo, ikukae vizuri usoni, piga dakika kumi, rudi ndani. Mwenye pumu apige kupitia dirishani, lenzi igusane na kioo na taa za chumbani zizimwe. Inatoka vizuri kuliko mnavyodhani.

NuruHafifu (mleta mada)
Nimerudi wakuu. Jana nilifanya yote mawili. Simu kwa 5,500 jioni mapema: rangi imekuja! Nimeweka ile ya juzi na ya jana pamoja, huwezi kuamini ni anga la namna moja. Kwa mtaa na watu simu imenitosha kabisa, sioni haja ya ile lenzi pana.

Kwa jua nilikodi lenzi ya mm 200, nikaifunga ndani kama dada alivyoagiza, nikatumia skrini. Mzee hesabu yako ni kweli, jua linaonekana jua. Ila kuna kitu hamkuniambia. Nilipanga kulisubiri liguse vilima ndipo nipige ile picha kubwa. Halikufika. Lilizidi kuwa jekundu, likafifia, likapotea vidole viwili juu ya kilima, kama mtu amelizima. Nimebaki na picha tatu tu zenye maana.

MzeeWaTripodi
Hahaa, pole kijana. Moshi karibu na upeo ni mzito kuliko juu, kwa sababu unauangalia kwa ubavu. Kesho anza kupiga saa nzima kabla, na usimngoje mtu.