Mwanangu kachapwa fimbo saba kwa sababu ya hela ya mtihani. Sheria inasemaje?

Mama Wawili, Mbagala

Habari za jioni ndugu zangu. Mwenye kujua sheria za shule naomba anijibu taratibu nielewe, maana mimi niliishia darasa la saba.

Mwanangu wa kwanza yuko darasa la sita, shule ya serikali huku kwetu Mbagala. Ana miaka 12. Juzi Jumanne alirudi mchana, akapitiliza ndani na kulala kifudifudi mkekani. Nikadhani ni njaa. Nilikuwa nakanda unga wa chapati za jioni, nikamwita aje anipepelee jiko, akaja anachechemea. Nikamshusha kaptula mwenyewe. Alama saba: tatu kwenye makalio, nne nyuma ya mapaja, na moja ya hizo nne imechanika inatoa maji. Nilizihesabu mara mbili.

Kosa lake, hakupeleka shilingi 1,000 ya mtihani wa Jumamosi. Mimi ndiye niliyemwambia akamwambie mwalimu mama atalipa Ijumaa, kwa sababu wiki hii hata unga nimechukua kwa mkopo. Kumbe wapo wengine, anasema walichapwa kama kumi na tisa, mbele ya darasa, na mwalimu wa darasa mwenyewe. Wasichana pia.

Nauliza hivi: mwalimu anaruhusiwa fimbo ngapi? Hiyo hela ya mtihani ni lazima? Na nikilalamika, mwanangu hatafukuzwa? Mdogo wake naye yuko darasa la pili hapo hapo. Baba yao anasema funika kombe mwanaharamu apite. Jirani yangu anasema twende wanawake kumi tukamtoe huyo mwalimu darasani. Mimi niko katikati, usiku silali.

Ticha wa Zamu Mbili

Pole sana mama. Mimi ni mwalimu wa msingi hapa hapa Dar, manispaa nyingine. Fimbo saba sitazitetea. Ila naomba na sisi tusikilizwe. Darasa langu la asubuhi lina watoto 138, dawati moja wanakaa wanne, na saa sita inaingia zamu nyingine chumba hicho hicho. Mtihani usipopigwa fotokopi, mwalimu unaandika ubaoni maswali arobaini, na walioko nyuma hawaoni. Anayeulizwa matokeo mabaya ni mimi. Chuoni tulifundishwa saikolojia ya mtoto, lakini kanuni ya viboko yenyewe sijawahi kuishika mkononi, na ofisi yetu ya walimu haimo.

Mwalimu Mstaafu, Tabata

Mama, mpe pole kijana. Nimekuwa mwalimu mkuu katika shule tatu za jiji hili mpaka nilipostaafu, kwa hiyo nitakueleza nilichokifanyia kazi.

Viboko vina kanuni yake chini ya Sheria ya Elimu, Sura ya 353. Inaitwa Kanuni za Elimu (Adhabu ya Viboko), Tangazo la Serikali Namba 294 la mwaka 2002. Nilipoanza kazi idadi ya juu ilikuwa sita, kanuni hii ikaishusha hadi vinne kwa kosa moja. Anayechapa ni mwalimu mkuu, au mwalimu aliyempa ruhusa kwa maandishi. Kwa maandishi, mama, siyo kwa kukonyezana kwenye korido. Msichana anachapwa na mwalimu wa kike, kama yupo shuleni. Fimbo iwe nyepesi, inayopinda, na mahali ni mawili tu: kiganjani au kwenye makalio yenye nguo. Mapaja hayamo. Tena iangaliwe umri wa mtoto, jinsia na afya yake, na kosa lenyewe liwe zito, la utovu mkubwa wa nidhamu au la kuivunjia shule heshima. Mtoto asiyekuwa na elfu moja amekosa nini? Hali ya nyumbani mnamchapa yeye?

Sasa nisikilize hapa, maana ndipo penye nguvu yako. Kila mara mtoto anapochapwa lazima iandikwe kitabuni: jina lake, kosa, idadi ya viboko, na jina la aliyechapa. Mwalimu mkuu anatia saini. Ukifika ofisini, baada ya salamu, omba jambo moja tu: "Mwalimu, naomba tuangalie kitabu cha adhabu, siku ya Jumanne." Kama ameandikwa viboko saba, kanuni imevunjwa kwa mwandiko wao wenyewe. Kama hakuandikwa, imevunjwa vilevile. Huna haja ya kupandisha sauti.

Kwangu kitabu hicho kilikaa kabati la chuma, pamoja na muhuri. Mwalimu akitaka kuchapa aje kwanza kwangu, nimuulize kosa niliandike vipi. Wengi wakisikia swali hilo hasira inashuka, wanageuza. Katika shule ya mwisho kuna mwaka niliandika mistari mitano tu, na ilikuwa na watoto zaidi ya elfu mbili.

Lakini shule yangu ya kwanza sikuwa nacho. Binti wa darasa la nne alivunjika kidole akijikinga fimbo. Mama yake alikuja akilia, nikampa maji ya kunywa, nikamwomba asamehe, yakaisha. Sikumwandikia mtu yeyote barua. Yule binti sasa ni mtu mzima, na mimi bado nakiona kile kidole. Ndiyo maana nakujibu kwa urefu.

Hela ya mtihani: tangu Januari 2016 elimu ya shule za serikali, msingi hadi kidato cha nne, haina ada, na Waraka wa Elimu Namba 3 wa mwaka huo umegawa majukumu. Sare, madaftari, kalamu na chakula cha mtoto wa kutwa ni vyako. Uendeshaji wa shule unatoka kwenye ruzuku ya serikali. Hesabu ya wakati ule ilikuwa shilingi 10,000 kwa mwanafunzi wa msingi kwa mwaka, na sehemu yake ilizuiwa juu kwa ajili ya vitabu. Ndogo, nakubali. Ticha, kilio chako cha fotokopi nakijua. Lakini mchango ni wa hiari, unapita kwenye kamati ya shule na wazazi, na asiyenacho mtoto wake haguswi wala harudishwi nyumbani.

Na nikuambie, ticha, bila kukugombeza: mwaka 2018 kule Bukoba mtoto wa darasa la tano alifariki baada ya kuchapwa kwa tuhuma kwamba kaiba pochi ya mwalimu. Aliyechapa alikuwa mwalimu kama wewe na mimi. Watoto 138 ni mzigo wa serikali na wetu sote, usiutue kwenye mapaja ya mmoja wao.

Mama, fanya hivi. Leo hii piga picha alama hizo mchana, penye mwanga, zinafifia haraka. Hiyo iliyochanika ipeleke kituo cha afya; kwa kuwa ni jeraha la kupigwa watakuuliza PF3, ile fomu ya polisi ya matibabu, unaipata polisi, na polisi uliza Dawati la Jinsia na Watoto. Hapo huhitaji kusubiri ruhusa ya shule. Kisha andika barua kwa mwalimu mkuu, nakala mbili, moja ipigwe muhuri wa kupokelewa na urudi nayo nyumbani. Asipokujibu, peleka kwa Afisa Elimu Kata, halafu Afisa Elimu Msingi wa manispaa. Namba 116 ya msaada kwa watoto hupigwa bure.

Jirani yako mshukuru, ila usiende na wanawake kumi. Mkimtukana mwalimu mbele ya darasa, kesho kesi itakuwa yenu.

Mjumbe wa Kamati

Naongezea kwa mwalimu. Kuhusu kufukuzwa, ondoa hofu. Kufukuza mwanafunzi kuna kanuni zake nyingine za mwaka 2002 huo huo, Tangazo Namba 295, na mzazi kulalamika halimo katika sababu. Mwalimu wa darasa hana mamlaka hayo.

Mimi ni mjumbe wa kamati shule moja ya Temeke. Mtafute mjumbe wa mtaa wenu, mjumbe mzazi, aende na wewe. Muulize pia hiyo 1,000 ilipitishwa mkutano gani, aoneshe muhtasari. Kwetu tulipouliza swali hilo ikabainika hapakuwa na kikao chochote.

Baba wa Kimara

Na shule binafsi? Wangu yuko huko, walimu wanachapa kwa mrija wa maji.

Mwalimu Mstaafu, Tabata

Sheria ya Elimu haikuacha shule binafsi nje, kaka. Mrija wa maji haumo popote. Tena Sheria ya Mtoto, Namba 21 ya 2009, kifungu cha 13, inakataza kumrudi mtoto kupita kiasi ukilinganisha na umri na hali yake, na hiyo inatubana hata sisi wazazi nyumbani. Ila haya ni ya Bara. Zanzibar wana sheria yao ya elimu.

Mama Wawili, Mbagala

Shikamoo mwalimu. Narudisha majibu kama mlivyoniomba.

Jana asubuhi sikukaanga chapati. Nilikwenda kwanza polisi, dada wa dawati alinipokea vizuri, akanipa PF3, tukapita kituo cha afya kidonda kikasafishwa. Leo nimekwenda shule na mama mmoja mjumbe wa kamati. Baba yao mwishowe naye alikuja, akakaa kimya pembeni, lakini alikuja.

Nilisema maneno yako yale yale. Mwalimu mkuu alinyamaza kidogo, akavuta droo, akatoa daftari limeandikwa juu kwa kalamu nene. Akafungua. Mstari wa mwisho ulikuwa wa Machi, mwaka juzi. Baada ya hapo kurasa nyeupe. Mjumbe akauliza mwalimu wa darasa ana barua ya ruhusa? Hana. Muhtasari wa hela ya mtihani? Hakuna.

Mwalimu mwenyewe aliitwa. Ni kijana mdogo, nadhani hata miaka thelathini hajafika. Nilikwenda nimejaa maneno, nilipomwona mikono inatetemeka nikamwonesha picha tu. Akasema, "Samahani mama, sikujua kama zilifika saba." Sijui bado kama nimemsamehe. Nimemwambia kuwa mwanangu anajua, alizihesabu.

Hela imesimamishwa mpaka mkutano wa wazazi, Jumamosi ijayo saa tatu. Barua yangu ina muhuri, nimeiweka pamoja na kadi za kliniki za watoto. Mwalimu mkuu amesema suala la yule mwalimu atalipeleka kwa Afisa Elimu Kata yeye mwenyewe. Nimempa mpaka Jumatano, kisha naenda mimi.

Wale wazazi wengine kumi na wanane nimeanza kuwatafuta. Mpaka sasa nimepata sita. Mmoja binti yake alichapwa mgongoni na alikuwa hajasema nyumbani.

Ticha, nakala ya ile kanuni ya viboko uliyosema hujawahi kuishika, nitapiga fotokopi nyingine. Niambie uko shule gani kwa ujumbe wa pembeni, nikutumie.