Spika ya Bluetooth inaonekana kwenye laptopu lakini inagoma kuunganika

zabibu_dom
Wakuu habari za jioni. Laptopu ni Windows 11, spika ni hizi ndogo za Bluetooth. Kwa simu inapiga safi. Kwenye laptopu jina linatokea, nikibonyeza inazunguka weee, halafu imeshindikana. Mwezi uliopita zilikuwa zinashikana vizuri. Nimezima na kuwasha, wapi. Wi-Fi haina shida. Niko hosteli UDOM (Chuo Kikuu cha Dodoma). Nianzie wapi kabla sijaipeleka kwa fundi mjini?

fundi_majengo
Zima Bluetooth ya simu kwanza. Spika nyingi za aina hiyo hushika kifaa kimoja tu kwa wakati, na ukiiwasha inakimbilia simu.

Kisha futa uhusiano wa zamani pande ZOTE mbili. Zilipoungana mara ya kwanza, laptopu na spika zilitunziana ufunguo wa siri. Upande mmoja ukiupoteza, mwingine unaendelea kudai ule wa zamani, ndiyo maana jina unaliona lakini mlango haufunguki. Laptopu: Settings, Bluetooth & devices, vidoti vitatu, Remove device. Spika: shikilia kitufe cha Bluetooth mpaka taa imemete harakaharaka, mara nyingi sekunde 5 hadi 10 (spika hazifanani, angalia karatasi yake). Wakati taa bado inameta, bonyeza Add device kwenye laptopu, spika ikiwa mezani hapo hapo.

Halafu tumia Restart. Shut down ya Windows, kama Fast Startup imewashwa, haizimi kila kitu; inahifadhi kiini cha mfumo kwenye diski na kukirudisha na matatizo yake.

kisasa_net
Naongezea: Wi-Fi kuwa nzima si ushahidi. Kwenye laptopu nyingi kadi ni moja ila njia ni mbili, Wi-Fi hupitia PCIe na Bluetooth hupitia USB ya ndani. Hiyo ya USB ikiganda, Bluetooth inaweza hata kupotea kwenye Settings. Hapo zima kabisa, chomoa chaja, shikilia kitufe cha kuwashia sekunde 30, ndipo uwashe.

Bado? Fungua Device Manager (orodha ya vifaa vya kompyuta). Ukiona alama ya njano kwenye Bluetooth, weka upya draiva (programu inayokiendesha kifaa) kutoka tovuti ya mtengenezaji wa laptopu, kwa modeli yako hasa. Zile programu za "draiva bure" achana nazo. Ikiwa inaungana kisha inakatika, humo humo ingia Power Management ya kadi ya Bluetooth, ondoa tiki inayoruhusu kompyuta kuizima ili kuokoa umeme.

Na chomoa diski ya USB 3.0 iliyo karibu. Kelele zake za mawimbi ya redio huangukia 2.4 GHz, masafa yale yale ya Bluetooth, na hosteli tayari yamejaa Wi-Fi za kila chumba.

zabibu_dom
Kufuta pande zote kumemaliza kazi, asanteni. Ila nikiingia kipindi cha mtandaoni sauti inakuwa nyembamba kama ya simu.

fundi_majengo
Hiyo si ubovu. Programu ikichukua maiki ya spika, Bluetooth inahamia hali ya kupigia simu na ubora wa sauti unashuka. Settings, Sound, kwenye Input chagua maiki ya laptopu. Programu ya kipindi nayo ina chaguo lake la maiki, libadilishe pia.